Kibodi inayojificha: nani aliiambia simu kwamba nataka kuandika?

Najua nimepotea kidogo. Majaribio ya katikati ya muhula yalitubana, na umeme wa hosteli nao ulikuwa na mambo yake. Leo nimerudi na historia. Msikimbie jamani! Si historia ya mikataba ya wakoloni wala ya falme za kale. Ni historia ya kitu ambacho wengi wenu mnakigusa kutwa nzima bila hata kukipa salamu: kibodi ya kwenye kioo cha simu.

Muhula huu nasoma kozi ya historia ya teknolojia, na mwalimu ametutaka kila mmoja achague kifaa kimoja akifuatilie tangu kuzaliwa kwake. Wenzangu wamekimbilia mitambo mikubwa mikubwa, garimoshi, redio, mitambo ya uchapaji. Mimi nimechagua kitu ambacho hakionekani mpaka ukiite, na wakati mwingine hata ukikiita hakiji. Aliyenichokoza ni mwenzangu wa chumbani, mtu wa kompyuta, ambaye mradi wake wa mwaka wa mwisho ni programu ya simu. Wiki nzima usiku namsikia: "Kaka, nimegusa, kishale kinapepesa, kibodi haipandi!" Nikamwuliza swali la mtu wa historia: kwani zamani ilikuwa inapandaje? Akanitazama tu. Basi nikaanza kuchimba.

Tuanzie kwenye mashine ya kuchapa. Kampuni ya E. Remington and Sons ya Marekani ilianza kuuza mashine ya Sholes na Glidden mwaka 1874, na mpangilio wa herufi uliotokana nayo, ule unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, ndio uliopo kwenye simu yako mpaka leo. Lakini angalieni jambo moja. Mashine ile isingeweza kuwa na tatizo la mwenzangu. Vitufe vyake vilikuwa pale pale, usiku na mchana. Ukitaka kuandika unabonyeza, hutaki unaacha. Mashine haikuhitaji kujua nia yako.

Kioo cha kugusa ndicho kilichovuruga amani hiyo. Mwaka 1965 mhandisi mmoja wa Royal Radar Establishment huko Malvern, Uingereza, aitwaye E. A. Johnson, alichapisha maelezo ya kioo kinachojua kidole kimegusa wapi. Alikuwa akiwafikiria waongozaji wa ndege. Badala ya kumwekea mtu msitu wa vitufe vya kudumu, kompyuta imwonyeshe kwenye kioo vile tu anavyohitaji kwa wakati ule. Mwaka 1972 mfumo wa kufundishia wa PLATO IV, wa Chuo Kikuu cha Illinois, ukaweka vioo vya kugusa mbele ya wanafunzi, vikiwa na mistari ya mwanga usioonekana, 16 kwa 16. Hata hivyo chini ya kioo kile bado kulikuwa na kibodi ya kawaida. Kioo cha kuchagulia jibu, kibodi ya kuandikia. Kila mmoja na kazi yake, hakuna ugomvi.

Ugomvi ulianza kompyuta zilipoingia mfukoni. Mfukoni nafasi hakuna. Ukiweka vitufe vya kudumu, kioo kinabaki kama stempu. Ukiweka kioo kikubwa, vitufe vinakosa pa kukaa. Jibu likawa vitufe viwe picha, vije vikihitajika na viondoke vikimaliza kazi. Simu ya IBM Simon, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1994, ilikuwa na kibodi ya namna hiyo kwenye kioo chake. Mwaka mmoja kabla, Newton ya Apple ilikuwa imejaribu njia nyingine, kuusoma mwandiko wa mtu, ikaishia kutaniwa kwa jinsi ilivyokosea maneno. Ikaja Pilot ya Palm mwaka 1996 na mwandiko wake uliorahisishwa ulioitwa Graffiti. Kwa wale ambao mwandiko ule haukuwaingia, pembeni mwa sehemu ya kuandikia palikuwa na alama mbili ndogo, "abc" na "123". Ukigusa mojawapo, kibodi inajitokeza. Vifaa vya Pocket PC vya Microsoft, vilivyotoka mwaka 2000, navyo vilikuwa na picha ndogo ya kibodi chini ya kioo. Gusa, inapanda. Gusa tena, inashuka.

Shikeni hapo hapo, maana hoja yangu yote ya leo imekaa hapo. Katika vifaa hivyo vya zamani, anayeamua kwamba sasa ni wakati wa kuandika alikuwa mtu. Ndiyo, kulikuwa na hatua ya ziada, na wengi waliiona kero. Lakini hapakuwa na kubahatisha. Kitufe cha kuiita kibodi ulikuwa nacho mkononi.

Kisha ukaja mwaka 2007. Tarehe 9 Januari Steve Jobs alipanda jukwaani na iPhone, akazicheka simu zenye vitufe vya plastiki vilivyokaa palepale uvitake usivitake. Ken Kocienda, mmoja wa waliotengeneza kibodi ile, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2018, Creative Selection, kwamba mwaka 2005 timu yao ilisimamisha kazi nyingine zote ili kila mtu ajaribu kubuni kibodi ya kioo inayoandikika, kwa sababu waliyokuwa nayo ilikuwa haifai. Watu wanapoikumbuka hadithi hiyo huzungumzia vidole vinene na herufi ndogo. Mimi nataka mwangalie kitu kilichokosekana. Ile alama ya "abc" haipo. Unagusa kisanduku cha kuandikia, kibodi inapanda yenyewe. Ukitoka, inashuka yenyewe. Si kwamba hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kwani hata programu za Pocket PC ziliweza kuiita kibodi zenyewe. Ila tangu iPhone hiyo ndiyo ikawa desturi, na kitufe cha mtu kikaondolewa. Uamuzi ukahamia kwa mashine.

Android nayo ilifuata kwa kuzunguka. Simu yake ya kwanza, HTC Dream, iliyoanza kuuzwa Oktoba 2008, ilikuwa na vitufe halisi vya kuvuta, na kibodi ya kioo haikuwa nayo kabisa. Kibodi hiyo ilikuja na toleo 1.5, Aprili 2009. Na ilikuja kwa utaratibu wa aina yake: kibodi ni programu inayojitegemea, na yeyote anaweza kutengeneza yake. Kwa hiyo programu unayoitumia na kibodi unayoiona ni watu wawili tofauti, na katikati yao kuna mfumo wa simu. Ni kama posa kwetu. Kijana haendi moja kwa moja kwa binti, anapeleka mshenga. Programu inamwambia mshenga, "Nahitaji kibodi," na mshenga anaweza kukataa. Akikataa, hapigi kelele. Programu haianguki, onyo halitokei, wewe unaona kioo kimya tu. Huo ndio ugonjwa wa mwenzangu!

Nilipofika hapo tulikaa naye tukapanga sababu za mshenga kukataa. Tukapata nne, na kila moja ina historia yake.

Ya kwanza ni zamu. Watengenezaji huiita fokasi, yaani kujua ni kisanduku kipi, cha dirisha lipi, kina haki ya kupokea herufi kwa sasa. Kwenye kioo panaweza kuwa na visanduku kumi, lakini zamu ni ya kimoja. Android haipokei ombi la kibodi kutoka kwenye dirisha ambalo bado halijapewa zamu. Programu ya mwenzangu ilikuwa inaomba kibodi ukurasa ukiwa bado unafunguka, sawa na kupeleka posa kabla nyumba haijafunguliwa mlango. Dawa ya mtaani, ambayo wengi wanafundishana, ni kuchelewesha ombi kwa nusu sekunde. Kwenye simu yake nzuri ilifanya kazi. Kwenye simu yangu ya bei ya chini, nusu sekunde ilipita ukurasa bado unahema, kibodi haikuja. Dawa yenyewe hasa ni kungoja mfumo utangaze kwamba dirisha limepata zamu, ndipo uombe. Alibadilisha hivyo, na simu zote mbili zikakubali.

Ya pili ni swali la nani aliyegusa. Kurasa za wavuti kwenye iPhone haziruhusiwi kuipandisha kibodi kwa amri zao wenyewe tu. Lazima kuwe na kidole cha mtu nyuma ya ombi. Mwaka 2012, kwenye iOS 6, Apple waliwapa watengenezaji wanaoweka kurasa za wavuti ndani ya programu zao swichi ya kulegeza sharti hilo, lakini kwa kawaida sharti linabaki. Sababu yake inaeleweka. Fikiria kila ukurasa unaoufungua unakurushia kibodi inayofunika nusu ya kioo wakati wewe ulitaka kusoma tu. Tatizo linakuja pale mtu anapogusa, halafu ukurasa unakwenda kwanza kuuliza kitu kwenye seva, unarudi, ndipo unakipa kisanduku zamu. Kwa hesabu za simu, mguso ule umekwisha kupita. Kishale utakiona, kibodi huioni. Dawa ni kukipa kisanduku zamu palepale kinapoguswa, hayo mengine ya seva yafuate baadaye.

Ya tatu ilitufundisha mama mmoja wa maktaba. Kuna sehemu tunatafutia vitabu kwenye kioo cha kugusa, na kwa siku kadhaa kila aliyegusa kisanduku cha jina la kitabu aliambulia patupu. Mwenzangu alianza kuuchambua ukurasa kama daktari bingwa. Mama akamwacha, akamwacha, mwisho akasema, "Mwanangu, ukitaka iandike, chomoa kwanza hiki." Akachomoa waya wa kile kisoma-misimbo kinachomulika mistari ya nyuma ya kitabu. Kibodi ikapanda! Tulicheka, halafu mwenzangu akanyamaza akifikiri. Kumbe visoma-misimbo vingi vinajitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: vikimulika mistari, vinaandika tarakimu kana kwamba kuna mtu anabonyeza. Kioo kikishaamini kwamba kibodi halisi ipo, kinaona hakuna haja ya kuonyesha ya picha. Mambo kama hayo yapo hata kwa iPad iliyounganishwa na kisoma-misimbo kwa Bluetooth. Hata watengenezaji wenyewe hunaswa. Kwenye simu ya kuigiza ya Apple, ile wanayojaribia programu ndani ya kompyuta, kibodi ya kioo hujificha kwa sababu kibodi ya kompyuta imehesabiwa kuwa imeunganishwa, na dawa ni kubonyeza Command na K. Mama yule hakusoma hayo popote. Aliangalia tu kitu gani kimeongezwa tangu siku tatizo lilipoanza. Huo ni utafiti, tena wa kihistoria.

Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike leo badala ya kulala. Ni kisanduku cha bandia. Kuna kurasa na programu ambazo sehemu ya kuandikia si sehemu ya kuandikia. Ni mchoro wa mstatili wenye maneno ndani yake, umepakwa rangi ukapendeza, lakini simu haijui kwamba pale panaandikwa kitu. Kwa simu ile ni picha tu, kama picha ya mlango ukutani.

Historia ya hili inaonekana vizuri kwenye Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012. Microsoft walitaka kibodi ipande yenyewe kwenye kompyuta za kugusa. Lakini Windows itajuaje kwamba ulichogusa ni kisanduku cha maandishi? Walitumia njia iliyokuwapo tayari, ambayo programu hujieleza kwayo: hiki ni kitufe, hiki ni kisanduku, ndani yake kuna maandishi haya. Na njia hiyo, wadau, ndiyo inayotumiwa na programu zinazowasomea kioo kwa sauti watu wasioona. Kwa hiyo sehemu ya kuandikia isiyojieleza kwa asiyeona haikujieleza kwa kibodi pia. Programu nyingi za zamani za mezani zikabaki kimya, mtu anagusa, kibodi haiji, analazimika kuifuata kwenye alama yake pembeni mwa upau wa chini. Windows 10 ya mwaka 2015 ikaja kuwa na swichi ya kuifanya ipande kwenye programu hizo kama hakuna kibodi iliyounganishwa. Swichi lakini haifanyi picha kuwa kisanduku.

Sasa njooni hapa hapa chuoni. Kuna dada mmoja wa mwaka wa pili, haoni, na simu yake inamsomea kila anachokipapasa. Ujumbe anaandika haraka kuliko mimi, nami sitanii. Muhula huu kuna ukurasa tunaojisajilia kozi, na siku ya mwisho imetangazwa. Sisi tunaoona tunagusa mahali palipochorwa mstatili, ukurasa unakipa zamu kisanduku halisi kilichofichwa chini yake, kibodi inapanda, maisha yanaendelea. Yeye akipapasa pale, simu inanyamaza. Hakuna kilichojieleza. Hawezi kugusa kitu ambacho kwake hakipo, na asipokigusa, kibodi haiwezi kuja. Ilibidi rafiki yake amwandikie. Kumwandikia maana yake ni kuandika namba yake ya usajili na nywila yake pia. Nywila hiyo ndiyo inayofungua matokeo yake na malipo yake ya ada.

Aliniambia kwa utulivu tu, "Kaka yangu, simu yangu najua kuitumia. Ukurasa wenu ndio haujui kuwa mimi nipo." Sikuwa na la kujibu.

Naomba niwe mkweli kwa upande wa pili, maana historia si mashtaka. Uamuzi kuhamia kwa mashine uliwasaidia watu wengi sana. Mama zetu walioanza na simu za kupangusa bila kuwahi kugusa kompyuta hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha alama ya "abc" ni nini. Unagusa, inakuja. Aidha, watengenezaji wameendelea kupewa njia bora zaidi. Lugha ya HTML ina neno inputmode, lililoanza kufanya kazi kwenye Chrome mwaka 2018 na kwenye iPhone mwaka 2019, la kuiambia simu ilete kibodi ya aina gani, ya namba au ya barua pepe. (Nalo lina mitego yake. Kisanduku cha namba ya usajili kikiambiwa kilete tarakimu tupu, na namba yenu ina herufi na mikwaju, hamwandiki kitu.) Na tangu mwaka 2021 Chrome ina utaratibu unaoruhusu ukurasa wenyewe kuiomba kibodi ionekane au ijifiche, na kujua imefunika eneo gani.

Lakini msimamo wangu nitakaoupeleka kwa mwalimu ni huu. Tulipoondoa kitufe cha mtu, tuliipa mashine kazi ya kukisia nia, na makisio hutegemea taarifa. Mtu wa Palm aliiambia mashine mwenyewe, "Nataka kuandika." Mtu wa leo hana pa kusemea, anategemea aliyetengeneza ukurasa awe amesema kwa niaba yake. Ndiyo maana dawa zote nne zinafanana. Subiri zamu ili simu ijue nani anaomba. Kipe kisanduku zamu palepale kinapoguswa, ijue kwamba kuna mtu. Tazama kilichounganishwa, isidhani kibodi nyingine ipo. Tumia kisanduku halisi, kinachojieleza, ijue pale panaandikwa. Anayehangaika na kibodi isiyopanda aulize hivyo vinne kwa mpangilio huo kabla ya kuanza kubomoa programu yake. Na kwenye vioo vya watu wengi, kama kile cha maktaba, ningependa ile alama ndogo ya kibodi irudishwe pembeni, mtu aiite mwenyewe makisio yanaposhindikana. Waliotengeneza vifaa vya mwaka 1996 hawakuwa washamba kwa kuiweka.

Yule dada amepeleka barua kwa wahusika wa ukurasa wa usajili. Mwenzangu wa chumbani alimsaidia kueleza upande wa kitaalamu: ondoeni mchoro, wekeni kisanduku cha kawaida chenye jina lake. Mstari mmoja wa HTML unaweza kutosha kwa kila kisanduku. Mpaka naandika haya jibu bado, na siku ya mwisho ya kujisajili ni Ijumaa. Kozi zake zimeshasajiliwa kwa mkono wa rafiki, hilo limepita. Ila nywila ameshaibadilisha mara mbili tangu siku ile, na kila akiibadilisha inabidi tena amtafute mtu wa kumwandikia mpya.

Haya, wacha niwahi mgahawani kabla maharage hayajaisha. Juma lijalo tukijaaliwa.